Mwaka Niliposhika Chaki Ekalakala

Tulimzika Mzee Kimeu mwezi uliopita, na kama ilivyo desturi ya kwetu, mazishi yalipokwisha watu walikaa kwenye viti vya kukodi, wakala, wakaanza kuyasema yale ambayo hayakusemwa kwenye kipaza sauti. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinitazama kwa muda mrefu juu ya sahani yake, kisha akaniuliza, "Si wewe ni ule msichana wa ubao?" Nikamjibu kwamba ndimi. Sasa mimi nina kazi ya heshima mjini. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikagua habari za michezo kabla hazijasomwa redioni, nina kiti kinachozunguka, na vijana wa zamu huniogopa kidogo, jambo ambalo silichukii. Lakini sikumbuki kama kuna siku niliyojisikia mtu kamili ofisini kama nilivyojisikia pale, nikiwa na mfupa wa mbuzi mkononi, nikiitwa msichana wa ubao. Wengine hujivunia shahada. Mimi najivunia kipande cha plaiwudi.

Mwaka wenyewe ulikuwa elfu mbili na tatu. Wazazi wangu nitawaacha wapumzike, maana hadithi hii haiwahusu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na Mama Mutheu, mwenye hoteli iliyokuwa ukingoni mwa soko la Ekalakala, alinichukua nimsaidie. Hoteli ilikuwa chumba kimoja chenye meza nne zilizotandikwa karatasi ya plastiki yenye maua, kuta zilizopakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe kwenda juu, na nyuma yake jiko la kuni lililokuwa na moshi wa kumtoa machozi hata mtu asiye na huzuni. Tulipika muthokoi kila siku, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, na siku za soko tuliongeza chapati na mchuzi wa nyama. Mama Mutheu alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, lakini ukimpunja mteja wake kijiko kimoja cha mchuzi utamjua. Aliamini kwamba mtu akila mahali anapopewa habari, atakula polepole na atarudi kesho. Kwa hiyo pale mlangoni, juu ya ubao ulioorodhesha vyakula, ilikaa redio.

Redio ile ilikula betri sita kubwa, na betri zilikuwa kama watu wa nyumbani. Zikichoka tulizianika juu ya bati zipate jua, tukazirudisha, zikaimba siku mbili zaidi. Zikifa kabisa tulizipasua, tukatwanga ule unga mweusi wa ndani, tukauchanganya na maji na majani yaliyopondwa, na kuupaka ubao ili uwe mweusi tena. Nguzo kubwa za umeme zilipita si mbali nasi, zikiutoa umeme kule bwawani Masinga na kuupeleka kwa watu wengine, nasi tukikaa chini yake na betri zetu. Hatukulalamika sana. Tulizoea kutazama nyaya zile kama mtu anavyotazama ndege zikipita.

Siku moja ya Februari, nikiwa nimemaliza kuandika vyakula, nilibakiwa na nafasi chini ya neno chapati, nikaandika matokeo ya mpira niliyoyasikia asubuhi. Sikuwa na mpango wowote. Lakini kufikia saa nne watu walikuwa wakisimama kusoma, na watu wakisimama mbele ya hoteli, harufu ya mchuzi hufanya kazi iliyobaki. Mama Mutheu alitoka nje akifuta mikono kwenye leso, akawatazama, akanitazama. "Kesho andika tena," akasema. Nikapewa chaki yangu mwenyewe, nzima, haijavunjwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na sikuwa nimewahi kupewa kitu ambacho watu wengine walikingoja.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakufurahi. Mzee Kimeu alitengeneza baiskeli upande wa pili wa barabara, lakini hiyo ilikuwa riziki tu. Kazi yake, kwa jinsi alivyojiona, ilikuwa urefa. Alikuwa amechezesha mechi za lokesheni zote za Masinga tangu mimi sijazaliwa, na ingawa goti lilikuwa limemstaafisha, filimbi ilibaki shingoni. Soko zima lilimwita Refa. Kabla ya ubao wangu, ukitaka kujua nani kamshinda nani duniani ulivuka barabara ukamuuliza, naye angeacha gurudumu alilokuwa akilishika, akafuta mafuta, akakujibu taratibu bila wasiwasi. Sikuwahi kumsikia akisema hajui. Asiyoyajua aliyajibu kwa sauti kubwa zaidi. Alipouona ubao wangu mara ya kwanza aliusoma wote, kisha akamwambia Mama Mutheu, si mimi, "Mama, huyu mtoto aandike maharagwe. Hii maneno ya michezo iko na wenyewe."

Na maneno yale yalikuwa mazito mwaka ule kuliko miaka mingine, kwa sababu Kenya ilikuwa imekwenda kwenye Kombe la Dunia la kriketi na ilikuwa ikishinda. Naomba mnielewe: Ekalakala hakuna mtu aliyewahi kuona mchezo wa kriketi. Tulijua kwamba huchezwa Nairobi na watu wa nguo nyeupe, na kwamba huchukua siku nzima, jambo lililotushangaza, kwani mtu mwenye shamba hapati siku nzima. Jioni moja redio ikatangaza kwamba Kenya imeishinda Sri Lanka, nchi iliyowahi kulitwaa kombe hilo, kwa mikimbio hamsini na tatu. Nilisikia mwenyewe, kwa masikio yangu haya. Asubuhi nikachukua chaki nikaandika kwa herufi kubwa: KRIKETI, KENYA 53, SRI LANKA 0.

Wallahi, asubuhi ile ilikuwa tamu. Muuza nyama jirani yetu, Muli, aliacha nyama ikining'inia akaja kusoma, akaenda, akarudi kusoma tena. Wanawake wenye ndoo za maembe kichwani walisimama. "Hamsini na tatu kwa ziro," Muli aliendelea kusema. "Hao watu wa huko walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wamekaa?" Mtu akasema labda kipa wao alikuwa mgonjwa. Tulicheka, tukauza chai mpaka maziwa yakaisha, na mimi nikawa napita kati ya meza nimenyoosha shingo, najibu maswali juu ya mchezo ambao sikuujua hata kidogo. Niliwaeleza, nakumbuka kwa aibu, kwamba katika kriketi magoli huwa mengi kwa sababu uwanja ni mkubwa.

Adhuhuri basi likaleta magazeti. Refa hakuwa mtu wa kununua gazeti, lakini siku ile alinunua. Alivuka barabara akichechemea, akaingia hotelini, akaketi meza ya mlangoni, akavaa miwani iliyofungwa kwa waya wa breki, na akasoma habari ya kriketi hadi mwisho. Kisha akasimama. "Kenya mia mbili na kumi," akasoma. "Sri Lanka mia moja hamsini na saba." Akanigeukia. "Msichana, hiyo ziro umetoa wapi?"

Nilisema redio ilisema hamsini na tatu. "Hamsini na tatu ni ile tumewazidi," akasema Refa, na sikumwona akifurahi, ila nilimwona akinyooka mgongo, jambo lililoniuma zaidi. "Hawa watu wamepata mia moja hamsini na saba na wewe umewapatia ziro. Ukinyima mtu jasho yake hivyo kwa mchezo, utamnyima pia kwa sahani. Njia ya mwongo ni fupi." Muli aliyekuwa akicheka asubuhi sasa alitazama chai yake. Kisha Refa akamnyooshea Mama Mutheu mkono, kiganja juu. Alitaka chaki. Alisema kama ubao utaendelea basi yeye atakuwa anakuja kila asubuhi kuuandika, bure, kwa ajili ya jina la soko.

Mama Mutheu hakukasirika wala hakunitetea. Alinichukua hadi jikoni, kwenye moshi, na huko akaniuliza swali ambalo nimewauliza vijana wangu wa ofisini mara nyingi tangu wakati huo. "Ulijua, ama ulidhani?" Nikamwambia nilidhani. "Haya. Kosa moja haliachi mke. Lakini mimi siwezi kufuta hiyo ubao kama mtu anaficha kitu, na siwezi kukuandikia. Aliyemwaga ndiye anafuta." Akanipa tambara bichi. Akaongeza kwamba kuanzia siku ile hakuna kitu nitakachokiandika kwa kukisikia mara moja, na kwamba nikikosea mara ya pili hivyo, chaki itavuka barabara.

Nilitoka na tambara wakiwa wote wananitazama. Ningeweza kufuta na kuandika namba sahihi, na watu wa Ekalakala ni wapole, wangejifanya hawakuona. Lakini nilikuwa na hasira, na mimi hasira yangu hunifanya niseme ukweli. Niliacha ile sifuri mahali pake nikaipiga mstari, na juu kabisa, juu ya muthokoi na chai, nikaandika: ASUBUHI NILIKOSEA. KENYA 210, SRI LANKA 157. BADO TUMESHINDA. Na chini kabisa nikatia jina langu, Mwende, ili asije akadhaniwa mtu mwingine. Refa alisoma, akakunja gazeti lake, akarudi kwa magurudumu yake. Hakupata chaki, lakini hakuwa ameikatia tamaa pia.

Majuma hayo hayo matokeo ya mtihani yakatoka. Sitayaficha: nilipata C, ile isiyo na alama ya kuongeza wala ya kupunguza, ambayo haikupeleki chuo kikuu wala haikupi ruhusa ya kulia. Wenzangu wawili wa darasani waliitwa vyuoni. Mimi niliosha sufuria. Sokoni kuna namna watu wanavyokuuliza, "Sasa umepanga nini?" huku wakikutazama mabegani badala ya machoni, na nilijua kwamba nikipoteza na ubao pia nitabaki kuwa msichana wa kubeba chai mpaka nizeeke nayo. Kwa hiyo nikaushika ubao kama mtu anavyoshika kamba ya kisima. Nilisikiliza taarifa ya alfajiri na ile ya saa moja jioni, nikaandika kwenye daftari, nikangoja basi, nikalinganisha na gazeti. Habari zisipopatana, sikuandika. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyekuwa na darasa la watoto zaidi ya mia tangu karo ifutwe Januari ile, alikuja kunieleza kriketi kwa kutumia vijiko vyetu na kipande cha ndimu, na nikaielewa. Hata leo ninaielewa, nao wengi ofisini hawaielewi.

Kenya ilifika nusu fainali ya dunia. Ikacheza na India, ikashindwa, na asubuhi yake nikaandika kwamba tumeshindwa. Muli alisimama mbele ya ubao na kisu chake. "Mwende, si ungeandika pole pole? Uweke tu 'walicheza vizuri'." Nikamwambia walicheza vizuri na wakashindwa. Akatikisa kichwa, akaingia, akaagiza chai. Ndipo nikagundua kitu: siku ya kushindwa walikuja wengi kuliko siku ya kushinda. Walikuja kuthibitisha huzuni yao kwenye mlango wetu kabla ya kuibeba kwenda nayo nyumbani. Mzee mmoja kutoka Kivaa, aliyekuwa na mbuzi wa kuuza, alisema kuwa kati ya wanne wa dunia nzima si mchezo, hata kama mchezo wenyewe hakuujua. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye mwanawe ndiye aliyekuwa uwanjani.

Mwezi wa nane ukaja na mashindano ya dunia ya riadha kule Paris, na hapo tulikuwa kwetu, maana kukimbia hakuna anayehitaji kuelezwa kwa vijiko. Lakini ndiyo ubishi wangu mkubwa na Refa ulipotokea. Katika mbio za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo tulikuwa tumezizoea kama urithi wa baba, wa kwanza alikuwa kijana aliyezaliwa Kenya, aliyekuwa amebadilisha uraia majuma machache tu kabla, akakimbia kwa bendera ya Katari. Mkenya wetu alikuwa wa pili. Nikaandika hivyo hivyo: wa kwanza Katari, wa pili Kenya. Kabla chai ya kwanza haijachemka Refa alikuwa mlangoni.

"Andika Kenya," akasema. "Kenya moja, Kenya mbili. Huyo kijana ni wetu. Maziwa alikunywa hapa."

"Mzee, amekimbia na jina lao."

"Jina ni nguo. Mguu je? Mguu ni ya Katari?"

Muli, ambaye alikuwa amevuta kiti kabisa ili asikose chochote, akaingilia. "Refa, mimi nikikuuzia fahali, halafu huyo fahali ashinde kwa maonyesho, kikombe utaniletea?" Watu wakacheka. "Utaniletea? Ama utaweka kwako?" Refa akasema mtu si fahali. Muli akasema hata fahali si fahali ukishamuuza. Wakaendelea hivyo hadi madondo, yale maharagwe ya mchana, yakaiva, hoteli nzima imegawanyika, wengine wakisema aandikwe wa Kenya kwa sababu mama yake aliumwa uchungu hapa hapa, wengine wakisema aliyekwenda ameenda. Mimi nilisimama kwenye ubao nikiwa nimewapa mgongo. Mwisho nikaongeza maneno matatu tu baada ya Katari: mzaliwa wa Kenya. Refa alisema hiyo si hukumu, ni woga. Nilimwambia mimi si refa, mimi naandika yaliyotokea. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama nayo, kama mtu anayepima upana wa tairi. Hakuniita msichana tena baada ya siku hiyo, aliniita Mwende.

Mwisho wa mashindano yale mwanamke wa Kenya alishinda mbio za marathoni, na kijana mdogo wa miaka kumi na minane, ambaye hakuna aliyekuwa amemsikia, aliwapita mabingwa wakubwa wa dunia kwenye mita elfu tano. Binti wa Msumbiji alichukua mita mia nane, nikamwandika kwa herufi kubwa vile vile, kwani nilimpenda tu. Niliandika ubao ukajaa hata vyakula vikakosa nafasi, na Mama Mutheu akasema ni sawa, watu wanajua tunapika nini. Mama mmoja aliyekuja kuuza mayai aliniomba nimsomee lile jambo la mwanamke wa marathoni, akalisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie. "Kilomita arobaini na mbili," akasema. "Na hakuna mtu alikuwa amemtuma maji." Alicheka peke yake akaondoka na kikapu chake. Nilijivunia sana siku hizo, na sioni aibu kusema hivyo. Nilijivunia nchi, nikajivunia soko, nikajivunia mwandiko wangu.

Kisha ikaja Jumapili moja mwisho wa Septemba. Siku iliyotangulia, Mama Mutheu alikuwa ameiazima kwaya redio yetu, wakaitumia kutwa nzima kuchezea kanda wakijifunza nyimbo, nao wakairudisha ikiwa na sauti ya mtu mwenye homa. Nilianika betri asubuhi yote, lakini siku ilikuwa ya mawingu. Nilijua kuna marathoni Berlini na kwamba Wakenya wako mbele kila mwaka. Taarifa ya saa saba ilipoanza niliweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Nikasikia Mkenya. Nikasikia rekodi ya dunia. Nikasikia, wazi kabisa, kwamba ni mara ya kwanza binadamu kukimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika tano. Kisha sauti ikaanza kuzama, nikasikia kitu kuhusu kiongoza kasi, yule anayelipwa kuwavuta wenzake mbele kisha aachie njiani, na kuhusu sekunde moja, na redio ikafa. Niliipiga ubavuni, nikazitoa betri nikaziuma kwa meno, nikazirudisha. Kimya.

Wakati huo makanisa yalikuwa yanafumuka, la Katoliki na lile la kina Mama Mutheu, na watu walikuwa wakiteremka kuja sokoni na nguo zao nzuri. Jumapili maduka yalifungwa. Aliyetaka habari alikuwa na sisi tu. Waliniona nimesimama na chaki na uso wangu ukanisaliti. "Kuna nini?" Nikasema ngojeni kidogo. Hapo ndipo Refa akaja kutoka misani, amevaa koti lake la kijivu, anatembea haraka kuliko goti lilivyomruhusu. Katekista alikuwa amemwambia kwamba mbio zimekwisha, Wakenya wawili wameachana kwa sekunde moja, na kwamba rekodi ameichukua kiongoza kasi, yaani mtu aliyekuja kusaidia ndiye aliyeshinda. Alilisema hilo mbele ya watu wote na watu wote wakalipenda. Ni habari nzuri, mfanyakazi kumpita tajiri. "Andika, Mwende," Muli akasema. "Andika mapema tukienda nyumbani tuende nayo."

Nilikuwa na nusu yangu na Refa alikuwa na nusu yake, na nusu hizo hazikushikana. Je, kiongoza kasi ndiye aliyeshinda, au ndiye aliyeachwa kwa sekunde moja? Nilijua kwamba nikikosea, nitakuwa nimemnyang'anya mtu rekodi ya dunia na kumpa mwenzake mbele ya watu waliotoka kanisani. Nilijua pia chaki ingevuka barabara, na safari hii ningekuwa sina la kusema. Nikaandika neno moja: BADO. Watu wakanung'unika. Mmoja akasema huu ni ubao gani, una jambo kubwa la dunia na unasema bado. Mwingine akasema mpeni Refa, Refa anajua. Wakaanza kulirudia hilo, mpeni Refa, bila ubaya wowote, kama watu wenye njaa wanavyogonga sahani.

Basi nikampa. Nilimnyooshea chaki Mzee Kimeu, ile chaki aliyokuwa ameinyooshea mkono tangu Februari, nikamwambia, "Andika, Mzee. Lakini uandike na jina lako hapo chini, kama mimi."

Aliipokea. Aliusogelea ubao akainua mkono, na nikaona kwenye kidole chake mafuta meusi ambayo sabuni ya Jumapili haikuyatoa. Kisha akashusha mkono, akairudisha chaki kwenye kiganja changu, akakifunga kiganja. "Mimi sijui," akasema. "Nimeambiwa tu." Watu hawakumwelewa mara moja, hawakuwa wamezoea maneno hayo kutoka kinywani mwake. Alivuka barabara, akavua koti, akatoa baiskeli ya mteja iliyokuwa nzima kuliko yake, akajaza upepo kwenye tairi la nyuma, na akaondoka akielekea bwawani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme, ambako kulikuwa na televisheni. Kuna vilima vingi njia hiyo. Nilimtazama akiinuka kwenye tandiko kila goti lile lilipokataa kukanyaga.

Watu wengine walikwenda nyumbani kula. Wengine walibaki, na Mama Mutheu akawapa chai. Muli alisema mzee atarudi na kidonda, si na habari. Saa kumi na moja hivi tukamwona mbali barabarani, anasukuma baiskeli badala ya kuipanda, shati limemganda mgongoni, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakusalimia mtu. Alinipa kipande cha karatasi alichokuwa amekikunja ndani ya soksi kisilowe jasho, na humo, kwa mwandiko wa mtu aliyejaza kadi nyingi za mechi, alikuwa ameandika kila kitu: mshindi, saa mbili, dakika nne na sekunde hamsini na tano, kiongoza kasi ndiye wa pili, sekunde moja nyuma yake, wote wawili Kenya. Chini yake alikuwa ameandika kwamba watangazaji wamesoma mara mbili na ameona kwa macho.

Nikampa chaki. Nilimwambia ni haki yake, ameitafuta kwa mguu. Akatikisa kichwa, bado anahema. "Andika wewe," akasema. "Mimi nikiandika, hawa watauliza nani amesema."

Nikafuta BADO. Niliandika polepole, herufi kubwa, kila sekunde mahali pake, mshindi juu na aliyemsaidia chini yake, na nilipomaliza nikaweka jina langu. Watu walisogea kusoma. Refa naye akasogea. Alivaa miwani yake, akaanza juu kabisa, akashuka mstari kwa mstari huku midomo ikitembea, kama mtu ambaye hakuwa na habari yoyote, hadi akafika kwenye jina langu. Akavua miwani.

"Basi," akasema, "ni kweli."